Mfuko Wenye Matundu

Mwaka 1993 nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa letu. Kanisa la zamani lilikuwa dogo, kuta zimepasuka, na mvua za masika zilipopiga kutoka mashariki ilibidi wazee wahame viti katikati ya ibada. Hakuna aliyebisha kwamba jengo jipya lilihitajika. Kilichopungua ni fedha. Basi kamati ikaniagiza mimi, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, niandike barua ya kwenda kwa kila kaya. Nikaandika. Nilianza na Hagai sura ya kwanza, kama waanzavyo karibu wote waandikao barua za namna hiyo, nikawauliza waumini kama ni haki wao kukaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao hali nyumba ya Mungu imesimama ukiwa. Nikamalizia na kiasi: shilingi elfu tano kwa kila kaya, kabla ya Krismasi.

Juma la pili akaja shuleni mama mmoja mjane, saa ya mapumziko. Barua yangu alikuwa ameifunga katika pindo la khanga pamoja na fedha. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua fundo taratibu, akahesabu noti mbele yangu moja moja.

"Mwalimu," akasema, "nimesomewa barua na mjukuu wangu. Inasema nakaa katika nyumba ya mbao za mapambo. Nimeitazama nyumba yangu jana mpaka taa ikazimika. Ni upande gani huo, mwanangu?"

Nyumba yake naijua. Ilikuwa ya udongo, imeezekwa madebe yaliyokunjuliwa. Nikamjibu, "Ni maneno ya Biblia tu, mama," nikamwandikia stakabadhi. Baadaye nikapata habari kwamba zile zilikuwa fedha za mbuzi, na mbuzi yule alikuwa ametengwa kwa ajili ya sare na michango ya shule ya mjukuu yule yule aliyemsomea barua.

Sisimulii haya ili nionekane mnyenyekevu. Nayasimulia kwa sababu ndiyo yaliyonipeleka kukisoma kitabu cha Hagai chote. Nakiri kwamba siku nilipoandika ile barua nilikuwa nimesoma mistari kumi na mmoja tu.

Kitabu chenyewe si kirefu. Kina sura mbili na mistari 38. Katika Agano la Kale ni Obadia pekee anayekipita kwa ufupi. Mtu hukimaliza kabla chai haijapoa, na labda ndiyo sababu hatukisomi. Tunachukua mstari tunaoutaka kama mtu apitaye karibu na mti wa barabarani, anachuma tunda bila kuuliza shamba ni la nani. Hata wataalamu walimdharau Hagai kwa muda mrefu. Walisema hana ushairi wa Isaya wala moto wa Amosi, kwamba ni nathari tupu, na kwamba hoja yake ni moja tu: jengeni. Nami nilidhani hivyo.

Lakini tazama jinsi kilivyo na tarehe. Hakuna nabii wa zamani aliyeandikiwa kumbukumbu kwa uangalifu namna hii, isipokuwa labda Ezekieli na mwenzake Hagai, Zekaria. Mwaka wa pili wa mfalme Dario, mwezi wa sita, siku ya kwanza. Mwezi huo huo, siku ya ishirini na nne. Mwezi wa saba, siku ya ishirini na moja. Mwezi wa tisa, siku ya ishirini na nne, mara mbili. Kwa hesabu ya kalenda yetu ni mwaka 520 K.K., kuanzia tarehe 29 Agosti hadi 18 Desemba. Haifiki miezi minne. Kabla ya hapo hatumjui Hagai, na baada ya hapo hatumjui. Hakutajiwa baba wala kijiji. Jina lake lina maana ya sikukuu, labda kwa kuwa alizaliwa siku ya sikukuu. Wengine wamesema alikuwa mzee sana aliyeliona hekalu la kwanza kwa macho yake, lakini kitabu chenyewe hakisemi hivyo.

Alikuwa akisema na watu gani? Wababeli waliibomoa Yerusalemu na hekalu lake mwaka 586 K.K. Mwaka 539 Babeli nayo ikaangukia mikononi mwa Koreshi wa Uajemi, na mwaka uliofuata Wayahudi waliotaka kurudi wakaruhusiwa. Waliorudi hawakuikuta ile nchi ya hadithi za babu zao. Walikuta kijimkoa cha milima, mji bila kuta, mashamba yenye watu wengine waliokuwa wameyalima miaka hamsini. Kazi ya hekalu ilianzishwa ikakwama. Miaka kumi na minane ikapita hivyo.

Hapa ndipo nilipokutana na jambo la kwanza lililonishangaza. Kitabu cha Ezra kinasema kazi ilikwama kwa sababu ya maadui: watu wa jirani waliomba kushiriki katika ujenzi, wakakataliwa, basi wakafanya fitina kwa wakubwa wa Uajemi. Hagai hamtaji adui hata mmoja. Hana majirani wabaya, hana barua za fitina. Kwake yeye waliochelewesha kazi ni wenye kazi, waliokuwa wakisema kwamba wakati haujafika. Nani mkweli? Kitabu cha Ezra kiliandikwa baadaye sana, na mtu aandikaye baadaye hupenda kuwapa wazee wake sababu ya heshima. Hagai alikuwapo. Ila naye alikuwa mhubiri, na mhubiri haishi kwa kuwapa watu visingizio. Mimi nadhani wote wawili wamesema nusu. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati anajua jinsi fitina ya nje na uvivu wa ndani vinavyopeana mkono.

Wala tusisahau kwamba ilikuwa miaka migumu. Mwaka 525 Kambise, mwana wa Koreshi, alikwenda kuiteka Misri. Mwaka 522 akafa, Dario akatwaa kiti, na dola nzima ikawaka maasi. Dario mwenyewe alichonga habari hiyo juu ya mwamba wa Behistun kwa lugha tatu, akijisifu kwamba katika mwaka mmoja alipigana vita 19 na kuwakamata wafalme tisa. Mwandishi Mgiriki Herodoto anasimulia kwamba Waajemi walimwita Koreshi baba, Kambise bwana, na Dario mchuuzi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga kodi kwa kila jimbo. Mkulima wa Yuda ambaye hakujua lolote juu ya mwamba wa Behistun alijua njaa. Hagai anaieleza njaa hiyo kwa namba, jambo lililo adimu kwa manabii: lundo la nafaka lililotazamiwa kutoa vipimo 20 likatoa 10, shinikizo la zabibu lililotazamiwa kutoa 50 likatoa 20. Watu wanakula wasishibe, wanavaa wasipate joto. Na yule apokeaye ujira anautia katika mfuko wenye matundu.

Huo mfuko wanautafsiri hivyo, na si vibaya. Lakini neno la Kiebrania ni tseror, nalo latoka katika kitenzi cha kufunga. Siku zile sarafu zilikuwa hazijazagaa Yuda. Watu walitumia vipande vya fedha vilivyopimwa kwa mizani, wakavifunga katika kitambaa. Kwa maneno mengine ni fundo. Ni pindo la khanga. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza niliinuka mezani nikatoka nje kidogo.

Turudi kwenye zile mbao, kwa kuwa ndizo zilizomnyima mama yule usingizi. Neno lake ni sefunim, nyumba zilizofunikwa kwa mbao, ama dari ama kuta. Si neno la kila siku. Katika kitabu cha Wafalme linatumika kwa majumba ya Sulemani. Na katika Yeremia sura ya 22 linatumika kwa mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba pana, akalifunika kwa mierezi na kulipaka rangi nyekundu, wakati huo huo akiwatumikisha jirani zake bila kuwalipa. Yeremia alimlaani kwa ajili hiyo. Sasa angalia Hagai alilielekeza neno hilo kwa nani. Mstari wa kwanza wa kitabu unasema ujumbe ulikwenda kwa watu wawili kwa majina na vyeo: Zerubabeli, liwali wa Yuda, na Yoshua, kuhani mkuu. Na huyu Zerubabeli ni mjukuu wa Yekonia, na Yekonia ni mwana wa Yehoyakimu. Yaani nabii anasimama mbele ya kitukuu cha yule mjenzi wa jumba la mierezi, na neno la kwanza analolichagua ni lile lile lililomhukumu baba wa babu. Msikilizaji wa Yerusalemu aliyekulia maneno ya Yeremia asingeweza kukosa kulisikia.

Sisemi kwamba maskini hawamo. Wamo. Baadaye nabii anasema kila mtu anaikimbilia nyumba yake mwenyewe, na hilo ni la wote. Lakini yeye apandaye sana na kuvuna haba, yule mwenye fundo lililotoboka, hakuelezwa kuwa ana dari. Ameelezwa kuwa ana njaa. Kitabu kinawaonyesha wote wawili, na mimi katika barua yangu niliwabandika dari wote pamoja.

Kisha kuna jambo la pili, ambalo msomaji anaweza kulihakikisha mwenyewe jioni hii. Hagai hakuchanga fedha. Soma mistari yote 38. Agizo lake ni kwamba wapande mlimani, walete miti, wajenge. Miti na mikono. Fedha na dhahabu zinatajwa mara moja tu, katika sura ya pili, na zinatajwa ili kusema kwamba tayari ni mali ya Mungu. Mara nyingi nimesikia mstari huo ukisomwa kabla ya sahani kupitishwa, kana kwamba unadai. Ukiusoma mahali pake, unawatuliza watu waliokuwa wakiona aibu kwamba hawana cha kuremba. Ni kweli Ezra anasimulia michango, lakini ni ya vichwa vya jamaa waliojitolea kadiri ya uwezo wao. Na anasema zaidi ya hayo: kwamba Dario aliamuru gharama zitoke katika kodi ya mfalme. Mchuuzi wa Herodoto ndiye aliyelipa.

Tena, Hagai ni miongoni mwa manabii wachache waliosikilizwa. Isaya aliambiwa mapema kwamba watu hawatasikia. Yeremia alitupwa shimoni. Hagai alisema mwezi wa sita siku ya kwanza, na siku ya ishirini na nne watu wakaanza kazi. Siku ishirini na tatu tu. Watu walipoitika, ujumbe uliofuata una maneno mawili kwa Kiebrania, na maana yake ni kwamba Mungu yuko pamoja nao. Hakuna masharti wala kiasi. Kabla ya hapo aliwaita "watu hawa", kwa ubaridi, kama mzazi anavyomsema mtoto kwa jirani. Baada ya hapo anawataja kwa heshima, nao wanaambiwa wajipe nguvu sawasawa na liwali na kuhani.

Ufundi wake wa maneno nao si haba, waliomwita mtu wa nathari tupu hawakumsikiliza vizuri. Nyumba ya Mungu ni hareb, na kwa hiyo nchi imepatwa na horeb. Kwa herufi za Kiebrania maneno hayo mawili huandikwa karibu sawa. Lugha yetu kwa bahati inaweza kuufuata mchezo huo: nyumba ni ukiwa, nchi ni ukame.

Hata hivyo, hapo kwenye mchezo huo wa maneno ndipo ninapogombana naye. Je, mvua ilikosekana kwa kuwa hekalu halikujengwa? Hagai anasema ndiyo, bila kusita. Hoja hiyo ina uzito wake kwa taifa lililokuwa limekata tamaa, lakini ni hoja ya hatari mkononi mwa mtu mwenye kitabu cha stakabadhi. Biblia yenyewe ina sauti nyingine. Ayubu aliikataa hoja hiyo sura baada ya sura. Habakuki alisema kwamba hata mtini usipochanua na zizi likawa tupu, yeye atamfurahia Mungu. Na katika sura ya 66 ya kitabu cha Isaya, sehemu ambayo wataalamu wengi huiweka katika miaka hiyo hiyo ya baada ya uhamisho, kuna sauti inayouliza ni nyumba gani hiyo mtakayomjengea yeye ambaye mbingu ni kiti chake, na inayosema kwamba macho yake yanamtazama mnyonge. Wapo waliodhani sauti hiyo ilipaazwa kumjibu Hagai na wenzake. Sijui kama inaweza kuthibitishwa, lakini nafurahi kwamba waliokusanya Maandiko waliziacha sauti zote mbili humo.

Na kuna habari nyingine, ya mbali kidogo, inayonifurahisha. Huko kusini mwa Misri, katika kisiwa cha Elefantine kwenye mto Nile, karibu na Aswan, waliishi askari Wayahudi pamoja na jamaa zao. Nyaraka zao za mafunjo zimepatikana. Katika barua ya mwaka 407 K.K. wanaeleza kwamba Kambise alipoingia Misri alilikuta hekalu lao limekwisha simama, lenye malango matano ya mawe na paa la mierezi. Yaani mwaka ule Hagai alipokuwa akihubiri juu ya nyumba iliyo ukiwa, hapa Afrika palikuwa na nyumba ya Mungu yule yule yenye paa la mbao nzuri. Barua hiyo walimwandikia liwali wa Yuda kuomba msaada, kwa kuwa hekalu lao lilikuwa limebomolewa miaka mitatu nyuma. Hagai kama alilijua hakulitaja.

Mahubiri ninayoyapenda kuliko yote ni ya mwezi wa saba. Siku ya ishirini na moja ni siku ya saba ya sikukuu ya Vibanda, na ni katika mwezi huo wa saba Sulemani alipoliweka wakfu hekalu la kwanza. Watu wamejaa mjini. Kazi ina mwezi mmoja, na kila mwenye macho anaona itakavyokuwa: ndogo. Hagai hawafichi. Anauliza ni nani aliyesalia ambaye aliiona ile ya kwanza. Tangu 586 hadi 520 ni miaka 66. Aliyeikumbuka alikuwa na miaka sabini na zaidi. Ezra anasimulia kwamba siku moja msingi ulipowekwa wazee walilia na vijana wakapiga vigelegele, na watu hawakuweza kuipambanua sauti ya kilio na sauti ya furaha. Hagai anawauliza wale wazee moja kwa moja: hii mbele ya macho yenu si kama bure? Mhubiri gani wa siku ya harambee angethubutu kuuliza hivyo?

Ahadi anayoitoa hapo imesafiri mbali. Anasema mataifa yatatikiswa na vitu vya thamani vya mataifa vitakuja. Hieronimo alipotafsiri kwa Kilatini alilifanya neno hilo kuwa mtu, yule anayetamaniwa na mataifa, na kwa njia hiyo likaingia katika Biblia ya Kiingereza na katika Messiah ya Handel, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Kiebrania kina kitenzi cha wingi, na mstari unaofuata wataja fedha na dhahabu. Maana yake ni hazina. Muziki ni mzuri hata hivyo.

Marabi wa baadaye walikuwa wakali zaidi. Waliona kwamba katika sura ya kwanza, mahali Mungu anaposema atatukuzwa, neno limeandikwa bila herufi ya mwisho, na herufi hiyo kwa hesabu yao ni tano. Wakasema: ni kwa kuwa vitu vitano vilikosekana katika hekalu la pili. Sanduku la agano, moto kutoka mbinguni, utukufu uliokaa ndani, Roho wa unabii, na Urimu na Thumimu. Watu walijenga kweli, nyumba ikamalizika mwaka 515, ikapanuliwa na Herode, ikadumu hadi Warumi walipoichoma mwaka 70 B.K. Na muda wote huo wenye nyumba waliweka orodha ya vilivyokosekana.

Mwezi wa tisa Hagai anawauliza makuhani swali la sheria. Mtu akibeba nyama takatifu katika upindo wa vazi lake, na upindo huo ukagusa mkate au mafuta, je, vitakuwa vitakatifu? Makuhani wakajibu: la. Na aliye najisi kwa kugusa maiti, akivigusa, vitakuwa najisi? Wakajibu: ndiyo. Basi ndivyo walivyo watu hawa, asema nabii. Mwaka 1908 mtaalamu Mjerumani Rothstein alidai kwamba "watu hawa" ni Wasamaria, na wengi wakamfuata kwa miaka mingi. Siku hizi wengi wanaona ni Wayahudi wenyewe, nami naona hivyo, kwa kuwa hakuna Msamaria popote katika kitabu. Kwangu mimi hapa ndipo penye moyo wa kitabu, na sijawahi kusikia pakihubiriwa siku ya kuweka jiwe la msingi. Utakatifu hauambukizi. Mtu hawi safi kwa kuigusa nyumba takatifu, wala kamati haiwi safi kwa kuijenga. Uchafu ndio uambukizao, nao hupenya mpaka kwenye sadaka.

Siku hiyo hiyo anatoa ahadi mbili. Ya kwanza ni ya mavuno. Ilikuwa Desemba, mbegu imekwisha zikwa ardhini, mzabibu na mtini na mkomamanga na mzeituni havijazaa kitu. Anasema: tangu leo nitabariki. Hana ushahidi wowote mkononi. Kitabu kinakwisha bila kutuambia kama mwaka uliofuata walivuna.

Ya pili ni ya Zerubabeli. Mungu atapindua viti vya falme, na siku hiyo atamfanya Zerubabeli kuwa pete ya muhuri. Hii nayo yatoka Yeremia 22, sura ile ile. Huko Yekonia aliambiwa kwamba hata angekuwa pete ya muhuri katika mkono wa kuume wa Mungu, angeng'olewa. Aling'olewa, akapelekwa Babeli, na vibao vya udongo vya huko, vilivyochapishwa mwaka 1939, vinataja posho ya mafuta aliyopewa yeye na wanawe. Hagai anaivisha tena pete katika kidole kwa mjukuu. Hivyo kitabu kinaanza na Yeremia 22 na kinaishia na Yeremia 22: mwanzo lawama ya dari, mwisho laana kufutwa. Kitabu kilichodaiwa kuwa cha hoja moja!

Lakini viti vya falme havikupinduliwa. Miezi miwili baadaye Zekaria aliona katika njozi wapanda farasi waliozunguka dunia wakirudi na taarifa kwamba dunia yote imetulia, na taarifa hiyo ilipokewa kwa uchungu. Dario alitawala mpaka 486. Hekalu lilipomalizika, Ezra anawataja wazee, makuhani na Walawi walioshangilia, Zerubabeli hatajwi. Jinsi alivyotoweka haikuandikwa. Aliyekitunza kitabu cha Hagai alijua haya yote, kwa kuwa miaka ilikuwa imekwisha pita, na hakuiondoa ahadi hiyo. Aliiacha mwisho kabisa, mahali ambapo kila msomaji ataiona.

Kanisa letu lilimalizika mwaka 1999. Ni zuri, lina dari ya mbao. Yule mama hakuwahi kuketi chini yake. Alifariki mwaka mmoja kabla. Mjukuu wake alikuwa amekwisha acha shule zamani. Nilipostaafu niliwahi kumfuata, nikamweleza habari ya barua na mbuzi. Akaniambia anaikumbuka barua, kwa kuwa kulikuwa na neno moja lililomshinda kusoma, akaliruka, na bibi yake akagundua na kumwamuru alirudie.

Kitabu cha stakabadhi ninacho bado. Nimeitazama nakala ya kaboni ya siku ile kabla ya kuandika kurasa hizi. Tarehe ipo, kiasi kipo kwa tarakimu na kwa maneno, na palipochapwa "kwa ajili ya" nimeandika kwa mwandiko wangu unaosomeka: Hagai 1.